Ngoma za Bujora

Wahenga wa pwani walisema kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Aghalabu mithali hii huambiwa mtu mwenye majivuno, akaonywa kuwa makelele yake yana mwisho. Lakini kila apandaye kilima cha Bujora, kiasi cha kilomita 20 mashariki ya jiji la Mwanza, akaingia katika jengo lililohifadhi ngoma za watemi wa Usukuma, huiona mithali hiyo kwa upande wake wa pili. Ngoma zile hazikupasuka. Zimedumu kwa sababu hazivumi. Zimesimama pamoja, kubwa na ndogo, kila moja na nchi iliyotoka, na kimya chake kina uzito hata mgeni hushusha sauti asiambiwe na mtu. Hapo ndipo linapozuka swali: ngoma iliyodumu kwa kunyamaza, je, imehifadhiwa au imezikwa?

Bujora iko Kisesa, wilayani Magu, kando ya barabara iendayo Musoma. Nchi ile ni ya majabali; mawe makubwa yamepandana juu ya vilima kama yaliyopangwa kwa mkono, na nyuma yake, upande wa machweo, liko ziwa ambalo ramani huliita Viktoria na wenyewe huliita Nyanza. Katika miaka ya 1950 alifika hapo padri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, David Clement, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, na kwa jina hilo anakumbukwa hadi leo. Padri huyu alijenga kanisa la mviringo mfano wa nyumba ya Kisukuma, na ndani yake akaziweka alama za enzi ya utemi, ili Msukuma aingiapo kusali asijione mgeni katika nyumba ya watu wengine. Kisha akaanza kukusanya. Mwaka 1968 makumbusho ya Kisukuma yakafunguliwa mlimani hapo: nyumba ya jadi ya msonge na vyombo vyake, nyumba ya wahunzi, banda la vyama vya ngoma za mashindano, na jengo la enzi lenye umbo la kiti cha mtemi, ambamo ngoma zimewekwa.

Msomaji na autazame mwaka huo, 1968, kwa makini. Ulikuwa mwaka wa tano tu tangu utemi ulipokoma kuwa serikali. Kabla ya hapo Usukuma haukuwa ufalme mmoja bali nchi nyingi, kila moja na mtemi wake: Nera, Mwagala, Ntuzu, Usiha, Nassa na nyinginezo. Wengi hulieleza neno mtemi kwa kitendo cha kutema, yaani kukata. Mtemi ni yule aliyeufyeka msitu wa kwanza, tena ni yule anayekata shauri. Mjerumani alimkuta, akamtumia. Mwingereza naye akamtumia zaidi, akamfanya mkusanyaji wa kodi na hakimu wa baraza. Mwaka 1945 Kidaha Makwaia, mtemi wa Usiha kule Shinyanga, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika pamoja na Abdiel Shangali wa Machame, wakiwa Waafrika wa kwanza kukaa humo. Uhuru ukaja mwaka 1961, na mwaka 1963 serikali mpya ikaufuta utawala wa machifu nchi nzima. Aliyeongoza serikali hiyo, Julius Nyerere, alikuwa mwenyewe mtoto wa chifu wa Wazanaki kule Butiama, upande wa mashariki wa ziwa hilo hilo. Hakuna awezaye kusema kuwa alikifuta kitu asichokijua.

Mengi yamesemwa juu ya uamuzi ule, na wengi waliuona kuwa wa haki: nchi changa haikutaka raia awe na mabwana wawili. Lakini ngoma hazikuwa na hatia yoyote katika shauri lile. Kazi yake ilikuwa kumtangaza mtemi anapotawazwa, kuwakusanya watu na kupeleka habari kutoka kilima hadi kilima. Kazi ilipokoma, ngoma ikawa kama mtumishi aliyeachishwa bila kiinua mgongo. Nyingine zilibaki katika nyumba za waliokuwa watemi, zikiliwa na mchwa. Zilizofika Bujora zilipata paa. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuyabeza makumbusho yale. Lau si mkono uliozikusanya, swali la kuhifadhiwa au kuzikwa lisingekuwapo, kwa kuwa kisingekuwapo cha kuulizia.

Pamoja na hayo, ugumu wa kuihifadhi ngoma umo katika neno lenyewe. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Ngoma ni uchezaji. Tena ngoma ni shughuli nzima yenye watu, nyimbo, vumbi na jasho. Mtu husema leo pana ngoma, na hakuna anayedhani kuwa pana mzinga wa mti uliowekwa mahali. Katika mambo hayo matatu, jengo huweza kuhifadhi moja tu, nalo ndilo lililo jepesi kuliko yote. Mti na ngozi hupigwa dawa ya wadudu, vikaandikwa nambari. Mkono uliopiga hauandikwi nambari.

Neno makumbusho nalo lina siri yake. Halikutokana na kukumbuka bali na kukumbusha. Kukumbuka ni kazi ya mtu mmoja, anaweza kuifanya usiku peke yake kitandani. Kukumbusha hutaka watu wawili: mwenye habari, na wa kupewa habari hiyo. Jengo lenye vitu vingi na lisilo na mtu wa kusema, kwa mizani ya Kiswahili, halijatimia kuwa makumbusho, ni ghala.

Mataifa mengine yameligundua jambo hili kwa njia zao. Wamaori wa New Zealand huziita hazina za wahenga wao taonga, na huzihesabu kuwa na uhai na jamaa. Mwaka 1984 zilipopelekwa New York kuonyeshwa katika jumba la Metropolitan, wazee wao walisafiri nazo, wakayafungua maonyesho alfajiri kwa nyimbo na dua kabla ya mgeni yeyote kuingia. Makumbusho ya taifa hilo, Te Papa Tongarewa, yalipofunguliwa Wellington mwaka 1998, ndani yake ulijengwa uwanja wa kukaribishana, ili watu na vitu waamkiane kwa sauti za watu walio hai. Kisiwa kile kiko mbali na Nyanza, lakini mzee wa Usukuma angeielewa desturi hiyo bila mkalimani. Kitu chenye heshima hakitazamwi tu; huamkiwa.

Yaliyomkuta mzee mmoja wa Nyakato, jijini Mwanza, yanatosha kulipima jambo hili. Mzee huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 70 na ushei, alikuwa amefanya kazi za melini ziwani tangu ujana hadi kustaafu. Wakati wa likizo ya shule alifikiwa na mjukuu wake wa kike, binti wa miaka 16, ambaye mama yake aliolewa Unguja. Binti alizaliwa huko na kulelewa huko. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Mjini, laini na cha haraka. Kisukuma alijua maneno mawili, mwangaluka la kuamkia na wabeja la kushukuru, nayo aliyasema kwa lafudhi iliyowachekesha majirani wote. Mzee akaona ampeleke Bujora.

Daladala iendayo Kisesa hupita Igoma. Ilipofika hapo mzee akavua kofia yake, akaiweka magotini, asiseme neno.

“Babu, pale pana nini?” binti akauliza.

“Pana Bukoba, mjukuu wangu.”

“Bukoba si mji?”

“Ni mji. Tena ilikuwa meli.”

Akamwambia kwa ufupi. Mnamo tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika, na mamia ya abiria wakafa maji. Wengi wao walizikwa pale Igoma, chini ya mnara, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watu aliokula nao sahani moja. Binti akanyamaza kitambo. Kisha akasema, “Kama Spice, Babu.” Alikuwa mtoto mchanga meli ya Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba mwezi wa Septemba mwaka 2011, lakini nyumba aliyokulia ilikuwa na kitanda kimoja ambacho mwenyewe hakurudi, na hakuna mtoto wa nyumba hiyo asiyejua kwa nini. Mzee akajibu, “Kama Spice.” Daladala ikaendelea na safari. Mnara wa Igoma haukuwa umesema chochote. Waliosema ni wawili waliokuwa wakipita, na kila mmoja alikuwa amebeba msiba wa maji yake.

Bujora walipokewa na kijana mwongozaji. Aliuinamisha mwili kidogo, akasema, “Mwangaluka, guku,” kwa kuwa ndivyo babu aitwavyo kwa Kisukuma, na mzee akaitika kwa furaha. Kijana alikuwa hodari. Aliwaonyesha msonge, akaeleza mahali pa mama na mahali pa ndama. Akawaonyesha nyundo na mivukuto ya wahunzi. Akazitaja nchi za watemi kwa mpangilio bila kusita. Katika jengo la enzi aliwasimamisha mbele ya ngoma iliyotoka katika nchi moja ya Kwimba, asijue kuwa hiyo ndiyo nchi walikotoka wazazi wa mzee. Babu yake mzee alikuwa mmoja wa waliokabidhiwa ngoma ya nchi ile. Yeye mwenyewe, akiwa mtoto kabla ya mwaka 1963, aliwahi kukaa nje ya ua akaisikia ikipigwa, na baadaye, utawala ulipokwisha kufutwa, babu yake alimfundisha mapigo yake kwa vidole juu ya goti, usiku, huku akimwambia kuwa mambo yale ni ya wanaume wa nyumba ile na hayatoki.

Binti aliitazama ngoma, akauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: “Na hii ilikuwa ikilia vipi?”

Mwongozaji akafikiri, kisha akasema kweli. “Hilo, dada, halimo katika maelezo yetu.”

Mzee hakusema kitu. Alikizunguka kile chombo mara moja, mikono nyuma, kama mtu akaguaye ng'ombe mnadani. Alikuwa na watoto wa kiume wawili. Mmoja alikwishafariki. Wa pili anaishi mbali, ana kazi nzuri, na hakupata kuuliza. Habari ile aliyopewa kwa vidole juu ya goti ilikuwa imekaa kifuani mwake miaka zaidi ya 60 ikimngoja mwanamume wa nyumba ile aje aidai, na mwanamume huyo hakuja. Aliyekuja ni msichana wa Unguja, mwenye maneno mawili ya Kisukuma.

Akatoka nje, akaketi juu ya ubao wa kukalia uliokuwa chini ya mti, akamwita mjukuu wake aketi karibu. Akaanza kupiga ule ubao kwa vidole na kiganja, polepole, na baina ya pigo na pigo akitia maneno. Mwongozaji alisimama mbali kwa adabu. Baadaye akauliza, “Guku, naruhusiwa kusikia?” Mzee akamruhusu, lakini alipoona mkono wa kijana unakwenda mfukoni kwenye simu, akamwambia, “Hiyo iache kwanza. Ukishajua kuipiga, ndipo uandike.”

Maneno yale yalikuwa ya Kisukuma cha zamani, na binti akadai maana yake. Mzee akamfasiria. Palikuwa na neno moja ambalo alilitafutia Kiswahili mara tatu, kila mara akatikisa kichwa na kusema, “Karibu na hapo, siyo penyewe.” Mwishowe akamwambia alishike hilo hilo kama lilivyo, maana nyingine itamjia akikua. Neno lenyewe na mapigo yenyewe hayaandikwi hapa, kwa kuwa si mali ya makala haya.

Jioni ile kaka yake mzee, aishiye Magu, alizipata habari kwa simu. Akakasirika. “Umempa mtoto wa kike wa Unguja kitu cha baba zetu?”

“Nimempa aliyeuliza,” mzee akajibu.

Msomaji anaweza kumwona yule kaka kuwa mtu wa kale asiyeujua wakati. Si haki kumwona hivyo. Siri nayo ni namna ya kuhifadhi, tena pengine ni kongwe kuliko makumbusho yote ya dunia. Kitu kinachojulikana na watu watano walioapishwa hakipotoshwi na watu elfu tano wapitao njia. Ngoma ya enzi ilikuwa na heshima kwa sababu haikuwa ya kila mkono. Ingekuwa ya kila mkono ingekuwa ngoma ya harusi. Kaka yule aliogopa kuwa, siri ikishatoka, kitakachobaki ni mchezo wa kuwafurahisha watalii. Hofu hiyo ina msingi. Lakini siri huhifadhi mradi wapo warithi. Wasipokuwapo, mlinzi wa mwisho huwa kaburi linalotembea, na siku atakapofukiwa yatafukiwa makaburi mawili. Mzee wa Nyakato hakuchagua baina ya siri na tangazo. Alichagua baina ya mrithi asiyetarajiwa na kutokuwa na mrithi kabisa.

Mtu aweza kujibu kuwa Usukuma hauna upungufu wa ngoma, na atakuwa amesema kweli. Banda la pili la Bujora, lile la vyama vya wachezaji, linasimulia habari tofauti kabisa. Katika karne ya 19, inasimuliwa, waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana juu ya nani mwenye dawa iliyo kali zaidi. Ubishi ukapelekwa uwanjani. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, na wa Gumha wakawa Bagalu, na tangu hapo Usukuma wote umegawanyika kwa furaha. Mavuno yakishaingia ghalani, pande mbili hushuka uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Anayevuta watu wengi upande wake ndiye mshindi. Wako wanaocheza na chatu, wako wanaorusha majembe juu na kuyadaka, na mamanju hutunga nyimbo mpya kila msimu za kuwasuta wapinzani. Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Mababu zake walikuwa Marini na Arinoti katika beni, na bibi zake wa Unguja waligawanyika baina ya Nuru el-Uyuni na Sahib el-Ari, wakitoleana nyimbo za mafumbo hata jirani asimwamkie jirani.

Padri Clement aliielewa nguvu hiyo, akaishirikisha sikukuu ya Ekaristi. Ndiyo asili ya Bulabo, tamasha la maua ambalo hufanyika Bujora kila mwezi wa Juni, ambapo maandamano ya kanisa hufuatwa na mashindano ya Bagika na Bagalu. Ngoma hizi hazikufa mwaka 1963, kwa kuwa hazikuwa chini ya amri ya mtawala. Riziki yake ilikuwa ushindani, na ushindani haufutwi kwa sheria. Ngoma ya enzi ilikuwa na bwana mmoja. Bwana alipoondoka ikabaki yatima. Hilo ndilo somo ambalo mabanda mawili ya Bujora, yakitazamana, humpa mgeni mwenye kutulia: kilicho cha wengi hujihifadhi chenyewe, na kilicho cha wachache kinahitaji mtu wa kukiamulia.

Namna ya kukiamulia nayo imewahi kuonyeshwa katika ziwa hilo hilo. Kaskazini ya Mwanza kuna kisiwa cha Ukerewe, na huko aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Aliona lugha na mila za Wakerewe zikififia, akaamua kuzitia katika hadithi ndefu ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, na wazao wao. Aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Mchapishaji hakupatikana. Miaka ikapita, mwandishi akazeeka na maradhi ya viungo yakamshika. Ndipo akakaa, akaifasiri mwenyewe kazi yake yote kwa Kiswahili. Ilitolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwaka 1981 Kitereza akafariki. Baadaye Gabriel Ruhumbika, mwana wa Ukerewe naye, aliifasiri kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 2002.

Ni dhahiri kuwa alipoteza kitu katika kuvuka kutoka Kikerewe kwenda Kiswahili. Hakuna afasiriye asiyejua bei ya nauli hiyo. Bila shaka kulikuwa na maneno aliyoyazungusha mara tatu na kusema moyoni, karibu na hapo, siyo penyewe. Lakini angekataa kuvuka kwa sababu ya yale yatakayoanguka njiani, wasomaji wasingempata Myombekere hata mmoja. Kiswahili katika jambo hili kina nyuso mbili, na haifai kuuficha mmoja. Ndicho kilichowafanya watoto wengi wa Mwanza wasijue kuzungumza na bibi zao. Ndicho pia kilichoibeba sauti ya bibi hao hadi Unguja na kwingineko. Lugha iliyokaa mahali pa lugha nyingine ina deni la kuzitaja ilizozikalia.

Wala msomaji wa visiwani asidhani kuwa deni hilo ni la bara peke yake. Katika makumbusho ya Zanzibar zimehifadhiwa ngoma na siwa za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, ambaye wa mwisho alifariki mwaka 1873. Inasimuliwa kuwa katika kasri lake la Dunga ngoma zile zilikuwa zikilia zenyewe bila kupigwa na mtu, balaa inapokaribia. Leo hazilii, si kwa mkono wala bila mkono. Mtu akiuliza leo mapigo yake yalikuwaje, ataambiwa neno lile lile alilolisema kijana wa Bujora kwa unyofu, kwamba halimo katika maelezo. Na vitu vyenyewe havina dhamana ya milele: tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka, ikaua watu wawili. Paa nalo hufa. Aliyeyaweka yote katika paa hulala macho.

Pwani na Nyanza, kwa hakika, hazikuwa mbalimbali kama ramani isemavyo. Alama mojawapo ya utemi katika nchi za Usukuma na Unyamwezi ilikuwa kipande cha gamba la konokono wa baharini, kilichokatwa mviringo na kung'arishwa, ambacho kilisafiri kwa misafara kutoka Bahari ya Hindi mpaka mwilini mwa mtemi. Na mwezi wa Septemba mwaka 2021, hapo hapo Kisesa, machifu walikusanyika wakamtawaza Rais Samia Suluhu Hassan, mwana wa Unguja, kwa jina la Hangaya, yaani nyota ing'aayo. Wako waliolitazama tendo lile kwa jicho la siasa, na siasa haikukosekana. Lakini lilikuwa na maana nyingine pia: nchi iliyoufuta utawala wa machifu ilirudi, baada ya miaka 58, kuomba heshima yao, na heshima hiyo akavikwa mwanamke aliyetoka ng'ambo ya bahari. Kama jina la enzi liliweza kukabidhiwa kwa namna hiyo mbele ya umati, basi mapigo ya ngoma moja kukabidhiwa msichana chini ya mti si uasi mkubwa.

Basi kazi iliyobaki si ya wajenzi. Paa la Bujora lipo, na mlango wake hufunguliwa kwa wageni. Wanaopungua ni wale wanaoweza kusimama mbele ya kile kilichomo na kusema, hii ililia hivi. Wengi wao ni watu wa miaka 70 na 80. Wamekaa vibarazani Nyakato, Magu na Nansio, na vibarazani Dunga na Makunduchi, wakizungumza bei ya dagaa na bei ya karafuu. Hawajifichi. Wanangoja kuulizwa, na anayewauliza si lazima awe wa nyumba ile, wala mwanamume, wala mjuzi wa lugha. Inatosha awe tayari kuiweka simu kando kwa muda na kusikiliza mpaka mkono wake ujue.